ZAWADI ZA WATOTO: TUZIPIME KAMA TUNAVYOPIMA MKOPO

(Hotuba ya Kamati ya Malezi, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu)

Wapo wenzetu tuliweka nao hisa za kwanza na leo wametangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka kwa heshima.

Wasemaji waliotutangulia wamezungumzia hisa, mikopo na nyumba zilizoezekwa kwa fedha za kikundi. Sisi tumeamua kuzungumzia midoli. Tunawasikia mnaocheka! Chekeni tu, lakini mtusikilize, kwa sababu jambo hili limo ndani ya fedha zetu na limo ndani ya usalama wa watoto wetu. Na mwisho wa maneno yetu tuna ombi ambalo tutataka mlipigie kura.

MIDOLI INAINGIAJE KATIKA AKIBA?

Kila mwaka, mwezi wa Desemba, wenye funguo tatu wanakaa mbele yetu, sanduku linafunguliwa na tunagawana. Wiki hiyo hiyo shule zimefungwa, Krismasi iko mlangoni, na Kariakoo hapapitiki. Mama ametoka na bahasha yake. Ada na sare za Januari zinamsubiri. Mara mtoto anamvuta gauni mbele ya meza ya machinga: gari linawaka taa, linalia king'ora, linazunguka lenyewe. Nani ana moyo wa kukataa? Gari linanunuliwa. Siku ya kwanza nyumba nzima inalitazama. Siku ya pili betri zimekwisha. Siku ya tatu gurudumu moja liko uvunguni, na mtoto anachezea boksi lililobebea gari! Na kwa wenzetu wanaosherehekea Idd mambo ni yale yale, tarehe tu ndiyo tofauti.

Hapo ndipo baba mwenye nyumba anaposema, "Si niliwaambia? Midoli ni anasa." Wapo na akina mama wanaomwunga mkono.

Kamati yetu haikubaliani nao. Kucheza si anasa, ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema hivyo katika ibara ya 31: mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tena mwezi Machi 2024 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Lakini hata bila ya mikataba, sisi wazazi tunaona wenyewe. Mtoto anayecheza anajifunza kuhesabu, kujieleza, kungoja zamu yake, na kupatana na mwenzake waliyegombana naye dakika tano zilizopita. Kwa hiyo tusikatae midoli. Tukatae fedha ya mwaka mzima kuyeyuka kwa siku tatu.

HESABU YA SIKU ZA KUCHEZA

Ndugu zetu, kabla ya kumpa mwenzetu mkopo huwa tunamwuliza: fedha hii itafanya kazi gani, na itarudi lini? Tunaomba swali la namna hiyo tuliulize pale kwenye meza ya machinga. Kitu hiki kitachezewa siku ngapi, na kitachezewa na watu wangapi?

Hebu tupige hesabu. Tuseme gari la betri ni shilingi 12,000 na limedumu siku tatu. Kila siku ya kucheza imetugharimu shilingi 4,000, bado betri za kubadilisha. Sasa tuseme fundi ametuchongea ubao wa drafti kwa shilingi 6,000. Kete hatununui, tunaokota vizibo vya soda 24: 12 tunavigeuza juu, 12 tunavigeuza chini. Drafti hiyo ikichezwa mara tatu tu kwa wiki, kwa mwaka ni mara 156. Gawanyeni wenyewe: haifiki shilingi 40 kwa kila mchezo. Na mwaka wa pili ubao upo pale pale. Na wanaocheza ni wawili, na wanaotazama na kubishana ni sita!

Hatusemi kila cha bei ndogo ni kizuri na kila cha bei kubwa ni kibaya. La hasha. Mpira wa miguu ulioshonwa vizuri ni ghali kuliko ule mwepesi wa plastiki, lakini ule mwepesi ukigusa mwiba umekwisha, na huu ulioshonwa unachezewa na mtaa mzima. Bei isomwe pamoja na siku.

Swali la pili: anayefanya kazi ni nani, mdoli au mtoto? Mdoli unaoimba, unaotembea na kucheka wenyewe umemwachia mtoto kazi gani? Kutazama tu, na kutazama kunachosha haraka. Lakini mpe mtoto vitofali vya mbao. Leo ni nyumba, kesho ni daraja, keshokutwa ni maduka na yeye ndiye mwenye duka. Ndiyo maana boksi linaishinda gari! Boksi halijaamua kuwa kitu gani. Linamngoja mtoto aamue.

USALAMA: HAPA HATUNA MZAHA

Mwaka juzi mtoto wa mwenzetu, mwenye umri wa miezi 14, alimeza betri. Si betri ya tochi, ni zile ndogo za duara zinazong'aa kama kifungo cha koti, zinazowekwa ndani ya rimoti, saa na midoli inayolia. Mama yake aliona rimoti ya mdoli imefunguka na betri haipo. Hakungoja. Alimbeba mwanawe mpaka hospitali saa ile ile, akapigwa picha, betri ikaonekana kooni na ikatolewa. Leo mtoto yupo, mmemwona akicheza hapa uwanjani.

Tunalieleza hili kwa sababu wengi wetu tunadhani kitu kilichomezwa kitatoka chenyewe chooni. Betri hizi zikikwama kooni zinaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili tu, hata kama zimeacha kuwasha taa. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, usingoje asubuhi. Nenda hospitali mara moja, na useme wazi: ni betri. Aidha, kabla ya kununua mdoli wa betri tazama mfuniko wake. Kama haufungwi kwa skrubu, uache.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

1. Vitu vidogo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu kila kitu ni mdomoni. Kipimo rahisi ni kizibo cha soda, ambacho upana wake ni kama sentimita 3.2. Chochote kisichozidi upana huo kinaweza kumkaba. Gololi, macho ya mdoli yaliyobandikwa, magurudumu yanayochomoka, na hivyo vizibo vya drafti vyenyewe, vyote viwekwe juu mtoto mdogo anapokuwapo. Ukiona kwenye boksi alama ya uso wa mtoto umekatwa kwa mstari na namba 0 hadi 3, ujue mdoli huo si wa mtoto wa umri huo.

2. Maputo. Tunayapenda katika sherehe, na hata leo yapo hapa. Puto lililopasuka au ambalo halijapulizwa likiingia kooni linaziba kabisa. Vipande viokotwe mara moja.

3. Sumaku ndogo ndogo. Mtoto akimeza mbili zinavutana tumboni, na utumbo unabanwa katikati yake mpaka unatoboka.

4. Rangi. Rangi yenye madini ya risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na wadogo ndio wanaoilamba. Msidhani ni midoli ya bei poa peke yake. Mwaka 2007 kampuni ya Mattel ya Marekani, ambayo ni kubwa duniani, ililazimika kurudisha midoli mingi kutoka madukani kwa sababu ya rangi ya namna hiyo. Rangi inayobanduka kwa ukucha tuikatae. Na mafundi wetu tuwaagize kazi ya mbao iliyopigwa msasa vizuri, bila rangi.

KILA UMRI NA CHAKE

Mtoto mchanga hadi mwaka mmoja hahitaji duka. Mpira wa kitambaa, vikombe vya plastiki vinavyoingiliana, kijiko cha mbao na sufuria ya kupigia, basi. Kelele mtavumilia.

Mwaka mmoja hadi mitatu, mpeni vitofali vikubwa vya mbao, ndoo na mchanga, na kitu cha kusukuma mbele.

Mitatu hadi sita ni umri wa kibaba baba mama. Hapa mwanasesere wa kitambaa anafaa, vyombo vidogo, kalamu za rangi na picha za kupanga vipande vipande. Na tuseme wazi, jamani: mtoto wa kiume akibembeleza mwanasesere hajaharibika, anajifunza kuwa baba. Na mtoto wa kike akitaka gari, mpeni gari. Miongoni mwetu hapa wapo wenye bajaji zao, walianza wapi?

Sita hadi kumi ni umri wa sheria na zamu: kamba ya kuruka, mdako, rede, gololi, ludo, nyoka na ngazi, drafti. Mdako ni darasa la hesabu la kutoa na kujumlisha, na gharama yake ni kokoto. Rede inataka mpira wa soksi kuukuu na chupa ya kujaza mchanga.

Kumi na kuendelea, mpeni kazi ya mikono na ya akili. Waya na koleo ili atengeneze gari lake mwenyewe. Sataranji akitaka. Na bao, ambalo sasa tunalisemea peke yake.

MICHEZO YA NYUMBA NZIMA

Zawadi nyingi zinampeleka mtoto pembeni akacheze peke yake, nasi tupumue. Hatulaumu, kazi zetu tunazijua. Lakini zawadi inayolipa faida kubwa kuliko zote ni ile inayomkalisha mzazi chini pamoja naye.

Chukueni bao. Wengi tunaliona ni la wazee wa barazani, na Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kwa wanaoanza lipo bao la kujifunza: kete zote zinapangwa mbili mbili katika kila shimo, mchezo unaanza. Mtoto wa miaka minane anaweza kulishika. Kete ni komwe, na zikipotea kokoto zinatosha. Mtoto asiyeona naye anacheza, kwa kuwa kete zinahesabika kwa vidole. Na babu ambaye hana tena wa kuzungumza naye jioni anapata mwanafunzi. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga.

Chukueni ludo. Watu wanne, kete nne nne, dadu moja. Hutoki nyumbani mpaka dadu ikupe sita. Mtoto wa darasa la pili anaweza kumla baba yake mbele ya watu wote, na baba hana la kufanya ila kurudisha kete nyumbani. Mtoto anaona kwamba mkubwa naye hushindwa, wala hagombi, wala hapindui ubao. Somo hilo, akina mama wenzetu, halifundishwi kwa maneno. Sisi tunaokopeshana tunajua thamani ya mtu anayejua kungoja zamu yake na kukubali alichopata.

Tahadhari moja: fedha isiwekwe mezani. Michezo ikigeuka kamari, hata ya shilingi mia, tumewafundisha watoto kinyume cha yote tunayoyafanya hapa kila wiki.

Na simu je? Siku hizi simu ndiyo mdoli wa nyumba nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Linashauri pia mtoto wa mwaka mmoja hadi minne achangamshe mwili kwa jumla ya saa tatu kila siku. Simu haimchoshi mtoto miguu. Kamba ya kuruka inamchosha, na usiku analala.

FEDHA IBAKI MTAANI

Kampuni ya Lego, ambayo midoli yake inauzwa dunia nzima, ilianzishwa mwaka 1932 na fundi seremala wa Denmark aliyekuwa akitengeneza midoli ya mbao. Hatusemi sisi tutakuwa Lego! Tunasema mabaki ya mbao yanayochomwa moto kwenye karakana za mtaa wetu ni vitofali vya watoto, yakikatwa sawa na kupigwa msasa. Na vipande vya vitenge vinavyofagiliwa chini ya vyerehani vya wenzetu mafundi cherehani ni wanasesere, macho yakidariziwa kwa uzi badala ya kubandikwa vifungo. Shilingi inayokwenda kwa fundi wetu inarudi sandukuni kama hisa. Inayokwenda kwenye gari la king'ora hatuioni tena.

OMBI LETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti, katika kikundi hiki si kila mwenzetu anagawana sawa mwezi wa Desemba. Mwenye hisa nyingi anabeba bahasha nene, na mjane mwenye hisa chache anabeba nyembamba. Sisi wakubwa tunaielewa hesabu hiyo. Lakini mtoto wa bahasha nyembamba anasimama uani siku ya Krismasi, mikono nyuma, akitazama wenzake. Hatuna haki ya kusema tumefanikiwa miaka 10 kama hilo halituumi.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza mambo matatu:

Kwanza, lianzishwe sanduku la michezo la kikundi. Liwe na mabao mawili, drafti nne, ludo nne, vitofali vya mbao na kamba za kuruka. Michezo ikopeshwe kwa wiki mbili mbili, iandikwe daftarini kama mkopo wowote, bila riba, na anayepoteza alipe. Kila mwanachama, awe na hisa nyingi au chache, akope kwa haki sawa.

Pili, gharama ya kuanzia itokane na mchango wa shilingi 2,000 kwa kila mwanachama, mara moja tu. Tupo 30, hivyo ni shilingi 60,000, na fundi wetu amekubali kuchonga kwa kiasi hicho. Mfuko wa jamii usiguswe. Ule ni wa maradhi na misiba, na ubaki hivyo.

Tatu, wanaotaka kununua zawadi za watoto wao wajiandikishe mwezi wa Oktoba, tununue kwa pamoja kwa bei ya jumla mwezi wa Novemba, kabla bei hazijapanda. Na kabla ya chochote kufika mkononi mwa mtoto, wajumbe wawili wakikague: mfuniko wa betri, vipande vidogo, rangi.

Tunajua wapo watakaosema kikundi cha akiba si chekechea. Tunawajibu hivi: tulipoanza, kila mmoja alitaja anaweka akiba kwa ajili ya nini, na karatasi ile bado ipo kwa Katibu. Ukiisoma utakuta jibu moja linarudiwa karibu kwa kila jina: kwa ajili ya watoto. Basi wanaounga mkono, wakati utakapofika, wanyooshe mikono juu bila aibu, na wanaopinga nao waseme, tujadiliane.

Mungu akibariki kikundi chetu kifike miaka 20.

Akina mama oyee! Watoto wetu oyee!